Maiti Hainuki Mpaka Niseme

Vijana wa kikundi wameniomba niwaandikie jinsi nilivyoifanya kazi hii ya maigizo na sinema, maana nimestaafu na wanaona nitaanza kusahau. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba wasitegemee kusoma habari za shujaa. Mimi ni mtu mwoga. Nilikuwa mwoga siku ya kwanza, nilikuwa mwoga siku ya mwisho, na katikati hapo nimeogopa mambo mengi kiasi cha kujaza daftari. Mishahara na vyeo sitavitaja; vyeo vyenyewe vilikuwa vichache na havikunifundisha kitu. Nitaeleza kazi, vyombo vyake, watu walionifunza, na siku moja kule Usoke ambayo nimeisimulia mara nyingi sana lakini sijawahi kuisimulia yote.

Nilianza kama mwalimu wa shule hapa Tabora. Katika kabati la darasa nililopewa nilikuta kitabu cha Kiingereza ambacho mchwa walikuwa wamekula jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo nilikisoma miaka sita bila kujua mtunzi ni nani wala kisa cha kwanza kinaanzaje. Ndani mlikuwa na tamthilia za kale: wafalme, wasaliti, mizimu, mama wanaowalaani watoto wao. Kulikuwa na kisa cha mfalme anayeuawa na rafiki yake mpenzi. Nilipokimaliza mara ya kwanza ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, na niliinuka nikafunga mlango kwa komeo.

Kilichonitisha si damu. Nilitishwa kwa sababu niliwajua watu wale. Babu yangu alikuwa mpagazi, amebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo zaidi ya mara moja, na alikuwa akitusimulia habari za viongozi wa misafara waliochanjiana damu na wenyeji, wakaitana ndugu, kisha ndugu huyohuyo akawavizia njiani. Nikaona mfalme wa kitabuni angeweza kuvaa kilemba cha kiongozi wa msafara na asipungukiwe kitu. Basi nikakaa na kalamu, nikamhamisha. Nilimpa wapagazi, ngoma, bendera na ndugu wa damu. Ndivyo nilivyofanya kazi yangu yote baadaye: nachukua kisa cha kale cha watu wa mbali, nakileta njia ya msafara, natazama kama kinaweza kutembea.

Mchezo huo wa kwanza tuliuonyesha katika ukumbi wa chakula wa shule, alasiri, na Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, akaalikwa kukaa mbele. Siku tatu kabla, karani wa boma alinifuata nyumbani. Hakutaka kuketi.

"Mwalimu, Bwana Shauri anauliza, huyo mkubwa anayeuawa humo ndani ni mfalme?"

"Ni kiongozi wa msafara tu."

"Si mfalme?"

"Hapana. Anabeba hata mkeka wake mwenyewe."

"Hakikisha anaendelea kuubeba," akasema, akaondoka. Siku tatu hizo sikula vizuri. Nilipita kila mstari nikifuta neno lolote lililonukia kiti cha enzi, na nikaongeza mkeka mara nne. Vijana, msiwacheke sana wakubwa kwa kuogopa maneno. Wanajua maneno yanaweza nini, ndiyo maana wanamtuma karani.

Mavazi alishona Mzee Feruzi, fundi cherehani wa Ng'ambo, mtu mfupi mwenye chaki sikioni. Mbali na ushonaji alikuwa mwosha maiti katika mtaa wake, na sijapata mwalimu mwingine wa maigizo aliyemzidi. Yeye ndiye aliyenifundisha kutengeneza damu. Unaukata mti wa mninga ubavuni, unakinga utomvu wake mwekundu, unauchanganya na asali na maji ya moto kidogo. Utomvu peke yake ukikauka unapasuka na kudondoka vipandevipande. Asali inaushika na kuufanya ung'ae. Asali ya miombo ya huku haina mpinzani kwa kazi hiyo. Ubaya wake ni mmoja: nyuki wanaijua.

Siku ya mchezo dirisha lilikuwa wazi. Kiongozi wa msafara akachomwa, akaanguka vizuri, damu ikatapakaa kifuani, ukumbi ukanyamaza kimya ambacho mpaka leo nakitafuta. Kisha nyuki wakaingia. Maiti yangu ikavumilia mmoja, ikavumilia wawili, wa tatu alipotua puani, maiti akajipiga kofi. Ukumbi mzima ulicheka, Bwana Shauri akiwa wa kwanza, na nilishukuru Mungu kwa kicheko chake ingawa kilikuwa kimeniulia mchezo.

Mzee Feruzi hakucheka. Alinikuta nyuma ya pazia nikikunja nguo.

"Maiti yako imenitia aibu."

"Nyuki waliingia, mzee."

"Nyuki wana haki yao. Maiti hana haki ya kuwafukuza. Mimi nimewaosha watu wangapi? Hakuna hata mmoja aliyenizuia mkono." Akatoa chaki sikioni, akaninyooshea. "Mwambie mtu wako hivi: ukifa, umekufa mpaka mwenye kazi aje akuinue. Usiinuke kwa nyuki, usiinuke kwa mvua, usiinuke kwa mama yako. Na macho asiyafunge yote. Anayefunga yote amelala. Ayaache nusu, kama mlango uliosahauliwa."

Nikaifanya sheria. Maiti hainuki mpaka niseme, na neno langu ni moja: inuka. Niliiandika kwa chaki ukutani, na kila mwigizaji aliyepita mikononi mwangu aliapa kwayo kabla hajapewa mstari hata mmoja.

Aliyeishika kuliko wote alikuwa Maganga. Alikuja kama seremala kutengeneza jukwaa, Mnyamwezi mrefu, mpole, anayezungumza kana kwamba kila neno lazima alichonge kwanza. Siku moja mwigizaji wangu hakufika kwenye mazoezi, nikamwambia Maganga alale pale chini afe badala yake, ili wengine wajue wasimame wapi. Akaweka randa chini, akafa. Tukafanya mazoezi yetu, tukabishana, tukanywa chai, na nilipokuwa nafunga ukumbi nikamkuta bado yuko sakafuni na macho yake nusu. Nilishtuka mpaka nikadondosha funguo. Nikasema, "Inuka!" Akainuka, akajipangusa vumbi, akachukua randa yake. Tangu siku hiyo kila aliyekufa katika michezo yangu alikuwa Maganga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili nilichukuliwa na idara iliyokuwa inatembeza sinema vijijini. Walihitaji msemaji, maana picha zilikuwa zinaeleza habari za kilimo na afya kwa sauti ya Kiingereza, na mtu ilibidi akae na kipaza sauti awaeleze watu kwa Kiswahili kinachoendelea kwenye turubai. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usieleze kinachoonekana, watu wana macho. Eleza kinachofuata. Na ukague mkanda wa jenereta mwenyewe, hata kama dereva amekuapia.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu. Nataka mlishike hilo. Wakati ule, na mpaka leo katika baadhi ya vijiji, watu waliamini mumiani wapo: watu wa serikali, au waliotumwa na serikali, wanaokamata mtu njiani, wanamnyonya damu na kuipeleka kutengenezwa dawa. Waliwaogopa wazima moto, waliwaogopa wapima ardhi, na gari jekundu lenye mashine inayonguruma na nyaya ndefu halikuhitaji kusingiziwa mengi. Nilipendekeza lipakwe rangi nyingine. Nikajibiwa kwamba rangi iliyopo stoo ni nyekundu. Kwa hiyo kila kijiji tulichofika nilishuka kwanza, mikono wazi, nikaamkia wazee, nikanywa maji yao mbele yao, nikawafungulia milango ya gari watazame ndani. Ilichukua saa nzima na wakubwa zangu waliona ni upuuzi. Sikuwahi kuiruka hatua hiyo ila mara moja.

Mara hiyo moja tulikuwa Usoke. Idara ilikuwa imeamua kupiga picha ya hadithi yenye waigizaji wa hapa, wakachukua mchezo wangu wa msafara. Mpiga picha alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani, mtu mwema, hodari wa kamera, ambaye Kiswahili chake kilimtosha kuomba maji ya kuoga. Kuwaongoza waigizaji ilikuwa juu yangu. Tulichagua kipande cha njia ya zamani ya msafara nje kidogo ya Usoke, kinachopita kati ya miombo na shamba la mtama. Jumbe wa kijiji alipewa taarifa na karani, kwa barua. Nilijua barua haitoshi. Lakini mwanga ulikuwa mzuri, Bwana Miwani alikuwa anatazama saa, nikasema moyoni tutawaona wazee tukimaliza.

Asubuhi ile tulikunywa chai stesheni kwa Bi. Mwanahawa, Mzaramo aliyeolewa na fundi wa reli, ambaye alikuwa akikaanga maandazi karibu na nyumba za wafanyakazi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo alipomwona Maganga hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Wewe Mnyamwezi, shingo yako fupi hivyo mizigo ndiyo iliyoididimiza? Leo umekuja kubeba nini?"

"Leo sibebi, mtani. Leo nimekuja kufa."

"Ufe vizuri basi. Mimi ndiye nitakayekuzika, na nikija nataka nikukute mzima mzima, usinipunje hata kidole."

"Wewe? Utaniacha kaburini uende ngomani."

Walicheka wote wawili, na Maganga akala maandazi sita. Mtani hana neno juu ya maandazi ya marehemu mtarajiwa, alisema mume wa Bi. Mwanahawa. Nawaeleza hayo kwa sababu ndiyo yaliyookoa watu baadaye, na mimi sikuchangia chochote.

Tulipiga picha za msafara wote mpaka saa saba, kisha wapagazi wetu, vijana tuliotoka nao Tabora, wakarudi stesheni kula. Picha iliyobaki ilikuwa ya Maganga peke yake, amelala amekufa njiani. Nikammwagia damu ya mninga kifuani na shingoni, nikamlaza ubavu, kichwa kimeelekea mtamani, macho nusu. Debe la damu iliyobaki nikaliweka karibu, nje ya picha. Bwana Miwani alipiga nusu, filamu ikaisha ndani ya kamera. Kuibadilisha lazima uingize mikono katika mfuko mweusi usiopitisha mwanga, kazi ya dakika kumi au zaidi, naye aliifanya ndani ya gari, mbali kidogo, pamoja na dereva. Akaniashiria kwa kidole: mtu asiguswe, kivuli na damu vibaki vilevile.

"Maganga, umesikia?" nikamwuliza.

Hakujibu. Alikuwa ameshakufa.

Mimi nikaingia mtamani kujisaidia. Naomba radhi kwa kutaja, lakini sababu za mambo makubwa huwa ndogo hivyo.

Nilikuwa bado nimechuchumaa niliposikia mwanamke akipiga yowe. Walikuwa wawili, wametoka kuokota kuni. Wakaona mtu amelala njiani, damu imemjaa, nyuki na nzi wametua usoni pake naye hatikisiki. Wakaona debe. Wakaona gari jekundu kwenye miti. Yowe la pili lilikuwa na neno ndani yake, na neno lilikuwa mumiani.

Wanaume walitoka kila upande, wengine na majembe, wengine na mashoka, watatu au wanne na mikuki. Dereva wetu aliwaona akawasha gari. Baadaye alisema alikwenda kumwita jumbe, na ni kweli alimleta, lakini watu waliona gari la mumiani linakimbia. Mimi nikabaki ndani ya mtama, hatua ishirini kutoka kwa Maganga, nimevaa kaptura ya kaki na soksi ndefu za serikali.

Sasa nafika pale ambapo vijana hamjawahi kupasikia. Siku zote nimewaambia kwamba nilikuwa nimekwenda mbali, kutafuta kivuli cha kupigia picha nyingine. Sikuwa mbali. Niliona kila kitu kupitia mabua.

"Debe zima!" mmoja alipiga kelele. "Wamemkamua debe zima!"

"Ni nani huyu? Wa wapi?"

"Si wa huku. Wanawaua kule, wanakuja kuwatupa huku."

"Wenzao wako karibu. Damu haijakauka hii."

Walipiga mabua ya pembeni kwa mipini ya majembe. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Neno langu lilikuwa moja, na mtu mmoja tu duniani alikuwa analisubiri. Ningesema inuka, Maganga angeinuka, wangeshtuka, tungeeleza. Lakini pia ningesema inuka, na sauti ingetoka mtamani, na kabla maiti hajafika magotini mikuki mitatu ingekuwa imeifuata sauti. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikajaribu kutambaa nyuma niondoke, miguu nayo ikakataa. Ilikuwa imekufa ganzi, haikunisikia kabisa. Sikuweza kumwokoa wala kumkimbia. Nilikaa pale nikiangalia macho yake nusu, nikiomba asikumbuke kwamba yuko hai.

Yule mwenye mkuki mrefu akasema, "Tumchome tuone kama wamebakisha."

Hakuna aliyemzuia. Akaweka ncha kwenye paja la Maganga, akasukuma. Niliona nyama ikiingia ndani kisha ikakubali. Niliona damu nyingine, ya kweli, ambayo haing'ai kama yetu. Maganga hakutikisika. Hata kidole hakikutikisika. Nimewaongoza waigizaji miaka mingi na sijui mtu hufanyaje hivyo.

"Imo!" akasema yule mtu, akiuchomoa mkuki haraka, maana na wao walikuwa wanaogopa kama mimi. "Hawajammaliza. Watarudi kummalizia. Wamejificha humu humu!"

Wakaanza kuingia mtamani, safu nzima. Wa karibu yangu nilikuwa naisikia pumzi yake. Ndipo ilipopenya sauti ya Bi. Mwanahawa. Alikuwa anatoka kuteka maji, ndoo kichwani, amelifuata yowe pamoja na wanawake wa stesheni. Akapasua kundi la watu, akamwona aliyelala chini, akasimama. Uso ulimbadilika. Kwa kitambo kidogo alikuwa mtu anayelia tu. Kisha akashusha ndoo, akafunga kanga kiunoni, na akaanza kazi ambayo mtani huifanya msibani.

"Nani kakuruhusu kufa, wewe Mnyamwezi?" akapaza sauti. "Umekula maandazi yangu asubuhi, mchana unakufa! Mvivu mkubwa! Umeona mzigo ni mzito ukaamua kulala njiani?" Watu wakasimama. Hata wale waliokuwa mtamani waligeuka, maana mtani akiingia msibani hazuiwi, awe mgeni au mwenyeji. Akaketi karibu na kichwa chake, akamwiga anavyotafuna, akamvuta sikio, huku machozi yanamtoka. "Nilikwambia nikukute mzima mzima. Sasa umenipunja. Haya, mtani wako nakuosha mwenyewe, tena kwa maji ya baridi, ukasirike!"

Akamwaga ndoo yote usoni pake.

Maji yaliingia puani. Kwa nyuki alivumilia, kwa mkuki alivumilia, lakini mtu hawezi kuvuta maji badala ya hewa. Maganga akakohoa.

Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakirudi nyuma kwa pamoja. Mwenye mkuki mrefu aliuacha mkuki, akajikwaa kwenye debe, akaanguka nalo, akajaa damu mpaka mdomoni. Alipiga kelele, akatema. Akalamba kidole. Akakitazama, akalamba tena.

"Asali," akasema.

Mwingine akachovya, akaonja. Kicheko kilianza upande wa wanawake. Bi. Mwanahawa peke yake hakuwa amekimbia. Alikuwa amekaa palepale amemshika Maganga bega, anamtukana kwa furaha. Siku za baadaye nilimuuliza kama alijua. Alisema, "Nijue nini? Niliona mtani wangu amekufa, nikafanya kinachonipasa."

Na mimi? Miguu ilirudi watu walipoanza kucheka. Nikatambaa mpaka upande wa pili wa shamba, nikajipangusa, nikaizunguka njia, nikaja nikitembea haraka kama mtu aliyesikia habari sasa hivi. "Kuna nini? Kuna nini hapa?" nikauliza. Nilifanya vizuri, nadhani ndio uigizaji wangu bora. Maganga alinitazama, maji yanamchuruzika, paja linamtoka damu.

"Mwalimu," akasema, "nimeruhusiwa kuinuka?"

Watu wakacheka tena. Nikasema, "Inuka." Akainuka.

Jumbe alifika, wazee wakafika, tukanywa maji yao, nikafungua milango ya gari, hatua zote nilizoziruka asubuhi nikazifanya saa kumi. Picha hatukuimalizia. Paja la Maganga lilishonwa, likapona, likaacha kovu la urefu wa kidole gumba. Nami nikalifanya kovu lile somo. Kila kikundi kipya nilikisimulia: huyu alichomwa mkuki naye hakuinuka, kwa sababu mwongozaji wake alikuwa hajasema. Hiyo ndiyo nidhamu, nikasema. Nimewaambia ninyi pia. Wengine mliandika.

Tuliendelea kufanya kazi pamoja miaka mingine saba, kisha Maganga akahamia Bukene kulima na kuchonga milango. Katika miaka hiyo saba nilibadilisha sheria bila kueleza sababu. Ukutani nilifuta maneno ya zamani, nikaandika kwamba maiti ataamua mwenyewe lini ainuke. Michezo iliharibika kidogo. Wafu wangu walipiga chafya, walijikuna, mmoja aliamka akamwuliza mwuaji wake kama amefunga mlango. Sikumkaripia.

Mliponifanyia chai ya kuniaga, Maganga alikuja kwa treni ya asubuhi. Mnakumbuka nilimsimamisha, nikasimulia tena kisa chetu, nikamwomba awaonyeshe kovu, naye akakunja suruali kwa utii. Mlipiga makofi. Mchana nikamsindikiza stesheni. Tulikaa kwenye benchi, na kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha na sikuwa tena na la kuogopa, nikaona nimwambie.

"Maganga, siku ile Usoke..."

"Nilikuona, mwalimu," akasema.

Sikuelewa.

"Ulinilaza nimeelekea mtamani, macho nusu. Nilikuona tangu mwanzo. Soksi yako moja ilikuwa imeshuka."

Nilimuuliza kwa nini hakuinuka, basi, ikiwa aliniona.

"Ningeinuka, wangeniuliza wenzako wako wapi. Mimi kudanganya sijui, isipokuwa yale uliyoyaandika wewe. Nikasema nitalala mpaka akimbie. Akishakimbia, naamka. Lakini kila nikitazama, soksi ipo. Wakanichoma, nikatazama, soksi ipo." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu, wa kazi. "Dereva alikimbia. Mzungu alikimbia. Wewe ulikubali kufa na mimi, mwalimu. Nimewaambia wanangu wote."

Treni ilikuwa imebakiza dakika kumi na tano kufika. Ni muda mrefu, unatosha kusema maneno mengi. Nilimuuliza habari za mahindi yake. Akanieleza, mvua zilikuwa nzuri. Treni ikaja, akapanda, akanipungia mkono mpaka behewa lilipopotea, na mimi nikampungia.

Maganga hasomi. Najua mwanawe mkubwa humsomea kila karatasi inayofika Bukene, na hii nitaituma kwake kwanza kabla yenu. Basi wewe mwanawe, ukifika hapa, msomee baba yako polepole, na usiruke. Mwambie mwalimu hakubaki kwa ajili yake. Alitaka kukimbia, miguu ikakataa. Mwambie ni yeye aliyelala pale akimlinda mtu aliyekuwa anaomba aendelee kulala. Na neno lililonikaa kooni mtamani siku ile, mpe leo, kwa sauti yako kwa kuwa yangu haikutoka: Inuka, Maganga.